Msahafu Uliochanika Usitupwe

Mama zetu na dada zetu, vyuoni kuna kilio kimoja, tangu Pwani hadi Ruiri kule Meru: juzuu za watoto huchanika kabla hazijakhitimiwa.

Wazee wetu wa Siyu, kisiwani Pate, waliienzi kazi hii. Katika karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaijalidi kwa ngozi. Karatasi ilitoka ng'ambo, haikuchezewa.

Nasi boksi kuukuu latutosha. Tulikate kwa kipimo cha juzuu, tushone kurasa mgongoni kwa uzi mzito, tubandike jalada kwa gundi ya unga wa ngano, kisha tulivike kipande cha leso safi.

Lakini tuchunge mpaka. Boksi hugeuzwa matumizi. Karatasi yenye Aya haigeuzwi, wala haifungiwi maandazi. Ikichakaa kabisa, na izikwe mahali safi au ichomwe kwa heshima, kama Sayyidna Uthman (r.a.) alivyoamuru nakala nyingine zichomwe alipowakusanya Waislamu juu ya Msahafu mmoja.

Mtoto aliyemwona mamake akiushona msahafu hujifunza kuutukuza kabla hajajua kuusoma.

Wabillahi tawfiq.