Mtu wa Kumi

Mtu asimamaye Kitale akatazama magharibi huuona Mlima Elgon. Na mtu wa Bungoma akiinua macho upande wa kaskazini huuona mlima ule ule. Wabukusu wa upande huu na Wagisu wa upande wa Uganda ni ndugu wa asili moja, na mpaka uliwakuta wamekwisha kaa hapo. Hata hivyo iko desturi moja ng’ambo ya mlima ambayo wengi wa upande huu hawana habari nayo. Karibu na mji wa Mbale, katika kilima cha Nabugoye na vijiji vingine kadhaa, wako wakulima Waafrika washikao dini ya Kiyahudi. Kwa Kiganda huitwa Abayudaya, yaani Wayahudi.

Kila Ijumaa, jua likikaribia kutua, watu hao huweka majembe chini. Chakula cha kesho kimekwisha pikwa na maji yamekwisha tekwa. Mishumaa huwashwa kabla ya giza, nao watu huenda sinagogi kuipokea Sabato kwa nyimbo. Mwenye kujua Kiswahili hatastaajabu kwamba siku ya Jumamosi huanza Ijumaa jioni, maana kwa hesabu ya Waswahili wa zamani usiku hutangulia mchana, na usiku huo huitwa usiku wa Jumamosi. Tena katika nchi hizi za ikweta jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima. Mjini London Sabato huingia kabla ya saa kumi alasiri wakati wa baridi kali, na baada ya saa tatu usiku katikati ya kiangazi.

Asubuhi ya Jumamosi husomwa Torati, iliyoandikwa kwa mkono katika gombo la ngozi. Watu saba huitwa mmoja mmoja kwenye usomaji huo, na vitabu vitano vya Musa husomwa kwa mafungu hata vikaisha kwa mwaka mmoja. Sala nyingi ni za Kiebrania. Lakini Abayudaya huimba Zaburi kwa Kiganda pia, kwa sauti walizozitunga wenyewe. Sabato hutoka Jumamosi usiku, nyota tatu zikionekana mbinguni.

Wako Wakristo pia wanaoishika Jumamosi, nao wajulikana sana katika sehemu hizi. Lakini sheria za Wayahudi juu ya siku hiyo ni nyingi zaidi. Walimu wao wa zamani walihesabu kazi 39 zilizokatazwa. Miongoni mwa hizo ni kulima, kupanda, kuvuna, kuwasha moto na kuandika. Basi jembe la mkulima na kalamu ya karani vyote viwili hupumzika, na Torati yaamuru kwamba mtumishi na ng’ombe nao wapumzishwe. Kununua na kuuza pia hukatazwa. Asiyeuza mazao yake Jumamosi hupoteza fedha, na kijana ambaye mtihani wake umewekwa siku hiyo hupata taabu kubwa.

Liko jambo jingine katika ibada hiyo linalostahili kufikiriwa. Myahudi aweza kumwomba Mungu peke yake wakati wowote. Lakini sala ya kusanyiko haitimii mpaka wapatikane watu kumi. Kwa desturi ya kale ni wanaume kumi waliotimiza miaka 13. Katika makusanyiko mengine ya siku hizi wanawake nao huhesabiwa. Wakiwa tisa, hata wakiwa wenye elimu kubwa, Torati haisomwi mbele ya watu kwa taratibu yake. Na mtu aliyefiwa na baba yake hawezi kuisema sala ya matanga iitwayo Kadishi, maana sala hiyo haisemwi ila mbele ya watu kumi. Huzuni ni yake, lakini sala yake yangojea miguu ya jirani. Wala haulizwi mtu wa kumi kama ni tajiri au maskini. Linalotakiwa ni kwamba awepo.

Kuna ajabu katika historia ya mambo haya. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza, kwa mkono wa waziri wake Joseph Chamberlain, iliwaahidi Wayahudi wa Ulaya nchi katika uwanda wa Uasin Gishu, kusini ya Kitale. Theodor Herzl aliupeleka ujumbe huo mbele ya mkutano wao mjini Basel, na watu watatu wakatumwa kuja kuitazama nchi. Wenyeji wenye ardhi hawakuulizwa. Mwaka 1905 mkutano uliofuata uliikataa ahadi hiyo, na Wayahudi waliokuja Kenya walikuwa wachache. Mwaka 1904 waliunda kusanyiko lao mjini Nairobi.

Nchi iliyotolewa haikupata Wayahudi. Lakini ng’ambo ya Elgon walitokea Wayahudi wasiotarajiwa na mtu. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza na kufanya makao yake Mbale, alikuwa Mkristo aliyesoma Biblia kwa bidii. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na wenzake wa zamani, akasema kuwa yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja mgeni, aitwaye Yosefu, alikaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928, na baada yake wafuasi wake wakaanza kupungua.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya Januari 1971, Idi Amin alipoitwaa Serikali ya Uganda. Ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, na wengi wakageukia Ukristo au Uislamu. Waliobaki walikuwa mia chache tu, wakisali kwa siri. Hapo ndipo maana ya hesabu ya kumi ilipoonekana. Aliyekwenda kusali alijitia hatarini; na aliyebaki nyumbani kwa hofu, jambo ambalo hakuna awezaye kumlaumu kwalo, huenda aliwaacha wenzake wakiwa tisa.

Mji wa Kampala ulitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia. Jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawakuusahau ukaribu huo wa siku.

Tangu hapo kusanyiko limekua tena. Mwaka 2002 marabi kutoka ng’ambo waliwapokea mamia yao kwa taratibu za sheria ya Kiyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu aliwekwa kuwa rabi baada ya masomo yake Marekani. Mwaka 2016 sinagogi jipya lilifunguliwa Nabugoye, na mwaka huo huo Sizomu akachaguliwa kuingia Bunge la Uganda, alimohudumu hata 2021. Siku hizi Abayudaya hukadiriwa kuwa elfu mbili au zaidi.

Wala hawakujitenga na jirani zao. Mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wao, aliwakusanya wakulima wa kahawa, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, wakafanya chama cha ushirika kiitwacho Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Mwenye mikahawa upande huu wa Elgon aelewa vema kwamba gunia la mtu mmoja halina nguvu mbele ya mnunuzi, bali magunia ya wengi yana bei.

Jumba la sala laweza kufungwa kwa kufuli la serikali. Lakini kusanyiko halifungwi mradi wako kumi walio tayari kuondoka majumbani mwao. Wahenga walisema, mtu ni watu. Katika kila kanisa, msikiti, chama cha ushirika na baraza la kijiji, yuko mtu anayejiona mdogo, akidhani kutokuwapo kwake hakutaonekana. Yafaa akumbuke kwamba pengine wenzake wamekwisha fika tisa, nao wanatazama mlango.