AFYA NYUMBANI: Kabla Hujanunua Mashine ya Kupima Sukari



Labda umeambiwa katika Hospitali ya Mount Meru kwamba sukari ya damu yako imepanda, ila haijawa kisukari. Umerudi nyumbani na mashaka, na mtoto wako aliye mjini ataka kukununulia mashine ya kupimia. Ni vema, lakini mwambie asikimbilie ile ya bei ndogo.

Gharama haiko katika mashine, iko katika stripu, yaani vile vipande vinavyonyonya tone la damu. Kila ukipima, kipande kimoja chaisha kazi. Tena stripu za mashine moja hazifai kwa nyingine. Basi na azunguke kwanza maduka ya dawa ya Arusha mjini, aulize ni stripu zipi zapatikana siku zote, na kopo moja ni bei gani. Ndipo achague mashine. Nimeona mashine nzuri iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ikikaa kabatini kama vikombe vya wageni, kwa kukosa stripu.

Tena ile ya Marekani huhesabu kwa namna yao. Sisi twasema 5 au 6, yaani milimoli kwa lita. Yao yasema 100. Bibi akiiona hiyo 100 ataomba aitiwe padre! Gawanya kwa 18 tu, utapata kama 5.6.

Siku ya kupima, usinywe chai kwanza. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe kabisa. Neno hili usilidharau: ukimenya ndizi mbivu kisha ukajitoboa bila kunawa, mashine itapima sukari ya ndizi. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, ndiko maumivu ni machache. Andika namba katika daftari pamoja na ulichokula jana. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, asubuhi kabla ya kula, 6.1 hadi 6.9 ndiyo hali hiyo uliyoambiwa. Ukiona 7 au zaidi, rudi hospitali upimwe maabara. Mashine ya nyumbani haiamui ugonjwa.

Huna haja ya kujitoboa kila siku, labda daktari akuagize. Mimi naona asubuhi mbili kwa juma zatosha, na mara mojamoja saa mbili baada ya kula loshoro au sahani ya ndizi. Siku nyingine punguza ndizi, ongeza maharage na mboga, upime tena saa ileile. Hapo ndipo mashine yalipa fedha yake.

Jumuiya yenu ikichangia mashine moja, kila mtu awe na sindano yake na kifaa chake cha kutobolea. Homa ya ini na UKIMWI hupita katika damu, hata kati ya ndugu. Sindano iliyotumika itupwe katika kopo gumu lenye kifuniko.

Na stripu zikae katika kopo lake, limefungwa, mbali na jiko na unyevu wa masika. Tazama tarehe ya mwisho kabla hujalipa.