MOTO AMBAO HAUKUANDIKWA



Shamba la miwa likishika moto Muhoroni, kila mtu ajua la kufanya. Mwenye shamba humkimbilia afisa wa nyanjani wa kiwanda, kibali cha kuvuna hutafutwa upesi, wakataji huitwa, na matrekta huelekezwa huko kabla ya kwingine, kwa sababu muwa ulioungua hupoteza sukari kila siku unapokaa juani. Mkulima hukatwa bei, na manung'uniko yake twayajua. Lakini mwisho wa yote hupata karatasi ya mizani yenye jina lake, tarehe na uzito. Moto wake umeandikwa.

Twauliza: nyumba ya mwananchi ikichomwa, huandikwa wapi?

Swali hili limepita umri wa miaka 30. Tarehe 8 Septemba 1991, viongozi wa KANU wa Bonde la Ufa walikutana Kapsabet, wakadai majimbo na kuwapiga marufuku wanaharakati wa vyama vingi wasikanyage mkoa huo. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, katika shamba la Meteitei, Tinderet, juu ya vilima tuvionavyo kutoka Muhoroni, mzozo wa hisa za ardhi uligeuka mashambulizi. Moto ukashuka hadi Songhor na shamba la Owiro. Wajaluo, Waluhya na Wakisii wakakimbia na walichoweza kubeba. Na kisasi kilipoanza, nyumba za Wakalenjin nazo ziliteketea. Yafaa tuliseme hili la pili bila kumung'unya maneno, maana orodha yenye kabila moja si orodha ya haki.

Makanisa yalipokea watu na kusema. NCCK ilichapisha ripoti yake Aprili 1992, na maaskofu wa Katoliki walikuwa wamekwisha kuishutumu serikali katika waraka wao wa Machi. Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilihesabu wafu 779 ilipotoa taarifa Septemba 1992. Bunge lile, ambalo wabunge wake walichaguliwa mwaka 1988 kwa tiketi ya KANU peke yake, likakataa kuipitisha. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 na kumaliza kazi mwaka uliofuata. Wananchi wakangoja hadi Oktoba 2002 kuisoma. Hizo zote zilituambia nani alichochea na nani alinyamaza. Hakuna hata moja iliyomwambia mama aliyepoteza nyumba Owiro aende afisi gani, akiwa na karatasi gani, apate nini.

Katikati ya hayo palikuwa na mpango wa serikali na Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 1993 kwa hesabu ya dola milioni 20 na kufungwa mwaka 1995. Mpango wa kurudisha watu makwao hauwezi kusimama pasipo orodha kamili ya watu na makwao, na orodha hiyo haikuwako.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na moto ukarudi. Safari hii serikali ilitoa fedha chini ya Operesheni Rudi Nyumbani ya Mei 2008: shilingi 10,000 kwa jamaa iliyohamishwa, na 25,000 zaidi kwa aliyechomewa nyumba. Hatuzidharau shilingi hizo, ingawa hazijengi nyumba ya mabati. Kosa letu la kulalamikia ni jingine. Aliyehesabiwa kwa urahisi ni yule aliyekaa kambini chini ya hema. Aliyepokewa na shemeji yake Ahero au na mjomba wake Koru, kama desturi yetu inavyotaka, alionekana kuwa amefika nyumbani. Ukarimu wa jamaa ukageuzwa sababu ya kumnyima haki.

Mwandishi wa safu hii ni wakili, na lazima aeleze kwa nini daftari ni jambo zito kuliko hotuba. Sheria yetu yampa anayeishtaki serikali kwa madhara miezi 12 tu. Aliyekimbia Meteitei mwishoni mwa Oktoba 1991 alipaswa kufika mahakamani kabla ya mwisho wa Oktoba 1992, wakati hata kurudi kuchukua jembe lake hakuthubutu. Tena, mtu akikaa kwenye shamba la mwenzake kwa miaka 12 waziwazi na bila kupingwa, aweza kuiomba mahakama imtambue kuwa ndiye mwenyewe. Hesabu kutoka 1991: ni 2003. Kweli, sheria yataka awe ameingia bila nguvu. Lakini nguvu itathibitishwa na nani, ikiwa hati ya hisa iliungulia ndani ya nyumba, na nyumba haikuandikwa kuwa iliungua?

Mlango haujafungwa wote. Madai ya haki za kimsingi chini ya Katiba hayana kikomo cha miezi 12, ingawa mdai lazima aeleze kilichomchelewesha. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani yamtambua aliyehamishwa na ghasia au na maafa, ya asili au ya mikono ya watu, na haisemi kwamba lazima awe alilala kambini. Sheria hiyo iliunda kamati ya uratibu na mfuko wa misaada. Na Agosti 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano tangu mwaka 2017. Twaunga mkono haki ya vijana hao. Ila twataka kujua kwa nini kalenda ya huruma yaanzia 2017, na si 1991.

Twadai, basi, kwamba machifu na manaibu wao pande zote mbili za mpaka wa Nandi na Kisumu waamriwe kufungua daftari la nyumba zilizochomwa, za 1991 na 1992, za 2008, na za moto mwingine wowote utakaozuka, na kila aliyeandikwa apewe nakala. Mkulima wa miwa hupewa yake.

Lakini tusingoje amri. Parokia na makanisa yaliyogawa unga na mablanketi miaka ile yaliandika majina ya waliopokea. Madaftari hayo, popote yalipobakia kabatini, ni ushahidi. Wazee wa kanisa na wayatafute. Kwa kila jina iandikwe jina la shamba, tarehe ya kukimbia, idadi ya watoto, kilichoungua, na shahidi mmoja aliye hai. Daftari lenyewe libaki kanisani chini ya ufunguo. Nakala moja ipelekwe Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na nyingine iambatanishwe na ombi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119 cha Katiba, ambacho humruhusu mwananchi yeyote kuomba. Waanzwe wale waliokwisha kupita miaka 70.