Daftari la Wiki: Sanduku Moja, Wasomaji Wengi

Dalili. Ofisi nyingi za Tabora, kuanzia shule hadi vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, hupokea barua pepe kwa anwani moja inayosomwa na watumishi kadhaa. Hitilafu hugundulika pale nakala zinapomfikia mtu asiyehusika. Barua haihami bila amri: kuna mahali imeandikwa, na kazi ya afisa TEHAMA ni kupapata.

Kwihara, 1871. Mwanahabari Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, alikuta furushi la barua za kumpelekea mvumbuzi Livingstone lililotumwa kutoka Zanzibar Novemba 1870, akaenda nalo Ujiji. Barua pepe nayo hupita vituo, na tofauti na furushi lile, kila kituo huacha kumbukumbu. Microsoft 365 humwezesha msimamizi kufuatilia safari ya barua hadi siku 90 nyuma.

Pa kutazama. Kwanza ni mipangilio ya sanduku lenyewe, ambako msimamizi anaweza kuwa ameweka anwani ya pili. Pili ni kanuni za kikasha, yaani amri zinazopanga au kusambaza barua zinapoingia. Yeyote mwenye ruhusa kamili ya sanduku anaweza kuziandika, na nyingine hufichwa zisionekane kwenye Outlook, hivyo hutafutwa kwa PowerShell. Tatu ni kanuni za mtiririko wa barua za taasisi nzima. Nne ni makundi ya anwani ambayo bado yana jina la aliyehama au kustaafu. Kwa wanaotumia Gmail, hukaguliwa ukurasa wa kusambaza barua pamoja na vichujio.

Nenosiri halitoshi. Tapeli aliyeingia kwenye sanduku huacha kanuni, kisha hutoka. Kubadili nenosiri humfungia mlango, lakini kanuni huendelea kumpelekea barua. Tapeli husoma kimya mpaka ankara ipite, ndipo humwandikia mnunuzi akimpa namba nyingine ya akaunti ya benki. Kwa hiyo kanuni inakiliwe kama ushahidi, ifutwe, watumiaji wote waondolewe kwenye mfumo na kuingia upya, na wateja wapigiwe simu kuthibitisha malipo.

Kinga. Sanduku la pamoja halihitaji mtu kuingia kwa nenosiri lake. Akaunti ya sanduku hilo izuiwe kuingiwa moja kwa moja, kila mtumishi apite kwa akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili. Usambazaji wa moja kwa moja kwenda nje ya taasisi ufungwe, na orodha ya wenye ruhusa ipitiwe kila mtumishi anapohama.

Sheria. Barua zikibeba majina, namba za simu au matokeo ya wanafunzi, uvujaji huo unaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023. Taasisi inapaswa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa, ikieleza kilichovuja na hatua zilizochukuliwa.