Kabla binti hajavuka Rusumo, kisomeni kitabu pamoja

Mama mmoja wa Sakina ameniandikia ujumbe mrefu, na nilipousoma mara ya pili nikaona haufai kubaki kati yangu na yeye. Binti yake amemaliza kidato cha sita, ametoka JKT na sasa anasubiri chuo. Yeye na mwenzake wanataka kwenda Kigali, kisha Kampala, warudi nyumbani kupitia Nairobi. Fedha wamezitafuta wenyewe, kwa kusuka watu nywele na kuuza barafu. Wakala hawamtaki. Wana kitabu cha mwongozo wa wasafiri, walichokinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, na kila baba akiuliza "mtalala wapi?" wanamfungulia ukurasa. Baba amesema hapana. Mama yuko katikati, na swali lake ni hili: "Je, mzazi anaweza kukiamini kitabu kama hicho?"

Sisi wa Arusha vitabu hivi tumeviona tangu utotoni. Mgeni amesimama Mnara wa Saa, mkoba mgongoni, kitabu mkononi, anatazama ukurasa, anatazama barabara, halafu anageuka kuelekea kusiko. Wengine tumesomeshwa kwa fedha za wageni waliofika hapa kwa sababu ya kurasa zile. Lakini ni wachache kati yetu walioshika kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya safari yao wenyewe. Mtanzania akienda nchi jirani huuliza shangazi, huuliza dereva wa lori, au hupiga simu kwa mtu wa kanisani au msikitini kwao aliyehamia huko. Njia hiyo si mbaya hata kidogo. Taabu yake ni kwamba shangazi wa Kigali huenda aliondoka Kigali zamani.

Vilianzaje? Lonely Planet ilianza mwaka 1973, mume na mke walipoandika kijitabu kuhusu safari yao ya kuvuka Asia kwa fedha kidogo. Bradt walifuata mwaka 1974, na Rough Guides mwaka 1982. Wote walikuwa wanawaandikia watu wasio na wakala wala fedha nyingi, wanaopanda basi na kulala gesti. Kwa maana hiyo binti wa Sakina hajaingilia mambo ya watu. Vitabu hivi vilianza kwa ajili ya vijana kama yeye, ila vijana wenye pasipoti nyingine.

Hapo kwenye pasipoti ndipo mama aanze kusoma.

Vitabu vyote vya aina hii nilivyowahi kuvishika viko kwa Kiingereza, na mwandishi wake anazungumza na mtu anayetoka Uingereza, Marekani au Ulaya. Sura ya viza inamhusu huyo. Kitabu kitamweleza binti habari za viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100, siku 90. Mtanzania haimhusu, sisi ni raia wa Afrika Mashariki na nchi hizo tatu tunaingia bila viza. Akisoma bila kufikiri ataondoa dola 100 kwenye bajeti kwa kitu asichokihitaji.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Atasikia, au atasoma mahali, kwamba watu wa Afrika Mashariki wanavuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa tu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo kwa raia wao mwaka 2014. Tanzania haimo katika mpango ule. Kadi ya NIDA haitamvusha Rusumo. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na jambo hilo akaulize ofisini kwao kabla hajakata tiketi, kwa sababu hakuna kitabu kinachoandikwa London kitakachomwambia.

Bei nazo ni hivyo hivyo. Kuona sokwe wa milimani Rwanda, kitabu kitasema dola 1,500 kwa mtu mmoja, na ni kweli kwa mgeni wa mbali tangu mwaka 2017. Raia wa Afrika Mashariki bei yake ni ya chini sana. Nyumbani tunaujua mtindo huu: getini Ngurdoto au Momella raia halipi sawa na mgeni. Lakini tukitoka nje tunasahau kuuliza, tunaiona dola kwenye kitabu tunafunga ukurasa. Binti aulize kila mlango, kwa adabu na pasipoti mkononi: "Bei ya raia wa Jumuiya ni ngapi?"

Sasa kuhusu kuchagua chenyewe. Ushauri wangu ni mmoja na hauna gharama. Mzazi asianze na sura ya Rwanda, kwa sababu Rwanda haijui na hawezi kujua kama anadanganywa. Atafute kitabu cha kampuni ile ile chenye sura ya Arusha (kama ni kitabu cha Afrika Mashariki nzima, sura hiyo imo humo humo), akae nacho jioni moja, amsikilize mwandishi akieleza mji ambao yeye mama anaujua kwa miguu.

Aanze na Mlima Meru. Je, kinasema kupanda huchukua siku tatu au nne, kuanzia lango la Momella, kulala Miriakamba, kisha Saddle? Kinasema kwamba lazima uongozane na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati? Kama kimeandika Meru ni kilima cha kujipasha misuli kabla ya Kilimanjaro basi, na hakina habari ya ule ukingo mwembamba unaopitwa usiku kuelekea kileleni, mwandishi hakupanda. Mlima wa mita zaidi ya 4,500 haustahili sentensi mbili. Kisha aangalie mjini. Kinajua siku ya soko Tengeru? Kinapoonya kuhusu wezi, kinataja barabara na saa, au kinasema tu kwamba Afrika uwe mwangalifu? Onyo lisilo na mahali halimsaidii mtu.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda, cha umri. Vitabu vya zamani vilimwambia mgeni kwamba akiwa Arusha anaweza kuingia AICC kusikiliza kesi za Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama ile ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Kitabu cha binti kikisema kesi zinaendelea, mama ajue anashika kitu cha makumbusho. Kwa Nairobi, aangalie treni ya Mombasa. Kikimpeleka msafiri stesheni ya zamani katikati ya mji akapande treni ya usiku ya enzi za mkoloni, kimeandikwa kabla ya katikati ya mwaka 2017, reli mpya ilipoanza kubeba abiria. Treni ya sasa inaondokea Syokimau, nje ya mji, na anayefika stesheni isiyo yake na begi lake asubuhi anaweza kukosa safari.

Mwaka wa uchapaji uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, kwa herufi ndogo. Usomeni, kisha mpunguze mwaka mmoja, kwa sababu mwandishi alizunguka kabla ya mtambo kuchapa. Je, kitabu cha mtumba chenye umri wa miaka kumi kitupwe? Hapana. Milima haihami, historia haibadiliki kila msimu, na ramani ya mitaa mikuu inasaidia. Kinachooza ni bei, namba za simu, majina ya kampuni za mabasi na gesti. Gesti iliyosifiwa kitabuni ina tabia ya kupandisha bei na kuacha kufua mashuka, maana wateja wanakuja tu. Kwa hiyo cha zamani kitumike kama babu: msikilizeni kuhusu yaliyopita, msimtume sokoni.

Chanjo ni mfano mzuri wa kilichooza. Vitabu vingi vya zamani vinaandika kwamba cheti cha homa ya manjano kinadumu miaka 10. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, na hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 inakubalika. Uganda huomba cheti hicho mpakani. Kama binti alichanjwa na kadi ipo kwenye sanduku la mama, itafutwe hiyo kwanza kabla ya kulipia nyingine.

Na kama kitabu kimeshinda mitihani hii, je, kinatumikaje? Hapa ndipo wengi, wageni kwa wenyeji, wanapokosea: wanakifungua wakiwa tayari wamepotea. Kitabu cha safari kinasomwa nyumbani. Mambo mazito yako kwenye kurasa za mwanzo ambazo kijana anaziruka akikimbilia picha. Humo binti atakuta kwamba Rwanda magari hupita upande wa kulia, na mtoto wa Arusha aliyezoea kutazama kulia kwanza anapovuka barabara ni lazima alijue hilo kabla hajashuka Nyabugogo. Atakuta kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule tangu mwaka 2008, na mizigo hukaguliwa mpakani, hivyo mama asimfungie maandazi kwenye mfuko wa nailoni. Atakuta umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambapo asubuhi maduka hufungwa na usafiri husimama. Atakuta pia kwamba kuanzia tarehe 7 Aprili nchi nzima huingia kwenye wiki ya maombolezo, na wiki hiyo muziki na starehe si mahali pake. Akienda Gisozi kwenye makumbusho, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, asiende kama anayekwenda kupiga picha.

Kampala atakuta neno linalochanganya Watanzania: taksi kule ni kile sisi tunachokiita daladala. Ukiambiwa "panda taksi" usishike pochi kwa hofu.

Saa pia ziandikwe daftarini. Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja, na vitabu vyote vinahesabu saa kwa mtindo wa Kizungu. Basi la 06:00 la Kigali, sisi hapa tunaita saa moja asubuhi. Mama akimngoja binti apige simu saa mbili usiku, wakubaliane ni saa mbili ya nani. Nimeona nyumba ikikosa usingizi kwa jambo dogo namna hii.

Nikisema daftari ninamaanisha daftari la shule. Kutoka kitabuni binti ahamishie humo mambo ya kila mji: sehemu mbili za kulala, si moja, stendi ya kushukia, ubalozi wetu ulipo, hospitali ya karibu. Kisha apige simu sehemu hizo mbili akiwa bado Sakina, aulize bei ya leo. Zikiwa hazipokei zote mbili, ukurasa huo umekufa, atafute mwingine. Ratiba ipangwe ili kila mji waingie mchana, hata kama italazimu kulala njiani Kahama. Kurasa za miji hiyo zipigwe picha kwenye simu, ramani ipakuliwe mapema iweze kufunguka bila bando, na kitabu kizito kibaki nyumbani.

Kibaki kwa mama, hasa. Binti akipiga simu aseme "tuko Nyamirambo," mama anafungua ukurasa, anaona Nyamirambo iko wapi na stendi iko umbali gani. Hofu ya mzazi nusu yake ni kutojua mtoto amesimama wapi. Baba naye apewe kile kitabu akisome peke yake bila kubishana na mtu. Huenda "hapana" yake ikageuka kuwa maswali kumi, na maswali kumi yanajibika. Nina shaka na baba anayemruhusu mwanawe kwenda JKT kulala handakini, halafu anaogopa gesti yenye mlango na kufuli, lakini hayo ni ya kwao.

Kama bado anasita, kuna njia ya katikati. Nairobi ni karibu, asubuhi unapita Namanga na mchana uko mjini. Mabinti waende siku mbili wakitumia sura ya Nairobi ya kitabu hicho hicho, wachague wenyewe pa kulala, wale wanachoweza kulipia, warudi. Wakirudi, waketi na wazazi na kalamu nyekundu, waweke alama kila mahali kitabu kilipodanganya: bei, njia, jina la basi. Alama zikiwa chache, kampuni ile inaaminika na Kigali inaweza kupangwa. Zikiwa nyingi, wametumia nauli ya Nairobi tu kujua hilo.

Suala la mwisho ni fedha. Bajeti ya kitabu ni ya mgeni anayekunywa kahawa ya mashine kila asubuhi, kwa hiyo kwenye chakula mtaipunguza. Kwenye nauli msipunguze, maana sisi na mgeni tunakaa kiti kimoja na mafuta ni yale yale. Na katika zile fedha za barafu, nauli ya kurudi moja kwa moja kutoka Kampala hadi Arusha itengwe kabla ya kitu kingine chochote, igawanywe mara mbili, kila binti abebe sehemu yake mahali ambapo mwenzake anapajua.