Kanda za Monk na Coltrane na Suala la Hifadhi

Mwanzoni mwa mwaka 2005, Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa akihamishia kanda za zamani za Sauti ya Amerika katika mfumo wa dijitali. Miongoni mwazo zilikuwamo kanda za onyesho la jazi lililofanyika Carnegie Hall, New York, tarehe 29 Novemba 1957. Nyuma ya kasha moja paliandikwa kwa mkono: T. Monk. Hivyo ndivyo ulivyopatikana muziki wa Thelonious Monk na John Coltrane, ukatolewa na kampuni ya Blue Note mwaka huohuo.

Wengi husema kanda hizo “zilipotea”. Kauli hiyo haikubaliki. Zilirekodiwa na chombo cha serikali, zikatunzwa, zikakaa rafuni miaka 47. Zilichokosa ni msikilizaji, na maelezo ya kumwita.

Hasara yake haikuwa ndogo. Wawili hao walishirikiana miezi michache tu, hasa katika klabu ya Five Spot. Kwa muda mrefu ushahidi mkuu ulikuwa vipande vichache vya studio, vitatu kati yake vikiwa vimetolewa mwaka 1961. Rekodi ya klabuni iliyotolewa mwaka 1993 ilifanywa na Naima, mkewe Coltrane, kwa mashine ya nyumbani. Sauti yake ni hafifu, tena ni ya mwaka 1958, ushirikiano wenyewe ulipokwisha kupita. Kwa msingi mwembamba namna hiyo, ilikuwa rahisi mno kumchora Coltrane kama mwanafunzi anayepapasa nyuma ya mwalimu. Kanda za Carnegie Hall zaonyesha vingine: saksofoni yajaza nafasi ambazo piano imeziacha kwa makusudi, na piano nayo yaichokoza.

Mtafiti wa fasihi simulizi atavutiwa zaidi na “Epistrophy”, uliopigwa mara mbili usiku uleule, katika maonyesho mawili. Wa pili umekatika kabla ya kwisha. Upi ndio matini? Swali hilo hilo huulizwa kuhusu ngano, na jibu hutegemea kuwapo kwa tendo lenyewe katika kanda.

Kwa hiyo idara zinazokusanya kanda za ngano, tenzi na taarabu hazina budi kuajiri wasikilizaji kabla ya kununua makabati. Kanda yenye mahali na mwaka pekee, bila jina la fanani wala orodha ya yaliyomo, haijaingia hifadhini bado.