MTOTO AKIHARA HANGOJI MWISHO WA ZAMU



Katika karatasi hii tumezoea kuandika habari za mshahara, saa za kazi, na vibarua wanaofukuzwa bila notisi. Safari hii twaandika habari ya kuhara kwa watoto wachanga. Twajua wako watakaosema, "Hiyo ni kazi ya kliniki, chama chaingilia nini?" Twawaomba wasome mpaka mwisho kabla ya kutucheka.

Majuzi mwenzetu mmoja, mama anayepika katika kambi ya kazi (kambi ya nani, hatutaji), alikuja kazini alfajiri akiwa amemwacha mtoto wake wa miezi 9 na dada yake wa miaka 10. Mtoto alikuwa ameanza kuhara usiku. Saa nne mama akaletewa habari kwamba mtoto ameendesha mara sita na sasa anatapika. Akaenda kwa mnyapara kuomba ruhusa. Akajibiwa kwamba akiondoka siku hiyo haitalipwa, na kesho asiwe na hakika kama nafasi yake ipo. Akabaki kwenye sufuria zake mpaka saa kumi. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Vijana wa bodaboda walimkimbiza hospitali bila kuuliza nauli, akatiwa maji ya mshipa, na leo, alhamdulillahi, anatambaa. Lakini zile saa sita, kutoka saa nne mpaka saa kumi, ndizo tunazotaka kuzisema.

Mara nyingi kinachomwua mtoto anayehara ni kukaukiwa. Kila anapoendesha, maji na chumvi za mwili zinatoka pamoja, na mtoto mchanga hana akiba kama mtu mzima. Sisi watu wa nchi kavu tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wote, maana tumewaona wanambuzi: mama yake anastahimili kiu ambayo yeye haiwezi. Shirika la Afya Duniani linasema kuhara kunaua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Na wengi wao wangepona kwa kinywaji.

Hapa yatupasa tuseme kweli hata kama inatuuma wenyewe. Mnyapara alikosa, lakini si yeye peke yake. Nyumbani kwa mama huyu maji yalikuwapo. Jirani, mtu mzima mwenye nia njema, alimwambia yule msichana asimpe mtoto kitu chochote ili tumbo lipumzike. Wangapi kati yetu hatukulelewa na shauri hilo hilo? Twamnyima mtoto maji kwa sababu twaona kila akinywa anaendesha, twadhani maji ndiyo yanayoleta. Wengine husema ni meno yanaota, basi wangoje. Hayo yote ni makosa, na yameua watoto wengi kuliko ukali wa wanyapara wote.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana katika mji wa Bongaon, upande wa India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya mshipa yakaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji kwa vipimo, akayatia katika mapipa, na watu wa wagonjwa wenyewe, mama na ndugu, wakachota kwa vikombe na kuwanywesha wagonjwa wao. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu 30 katika kila 100. Kwa kinywaji kile wakafa chini ya 4. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja: kikombe kile kilishikwa na watu kama sisi. Haikuwa lazima kungoja mwenye koti jeupe.

Kinywaji hicho ndicho leo kimo katika pakiti ya ORS. Utaipata dispensari na katika duka la dawa, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya pikipiki. Lakini soma pakiti kabla hujaifungua, maana ziko za kuchanganywa na nusu lita ya maji na ziko za lita moja. Ukitia maji machache mno, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ukitia mengi mno, haifanyi kazi yake. Chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita ni kipimo kizuri, na karibu kila nyumba inayo. Tia pakiti yote kwa mara moja, usigawe. Usiongeze sukari wala chumvi. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa. Na kwa kuwa maji ya visima vyetu vingine yana chumvi mdomoni, tafuta yaliyo matamu kwa kazi hii, hata kama ni kuomba kwa jirani. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi ule ufundi wa kukisia chumvi ya jikoni kwa vidole. Kinywaji kilichobaki baada ya siku moja na usiku wake kimwagwe, kichanganywe kingine.

Anza kumpa mara anapoanza kuhara, usingoje alegee. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa kila baada ya kuendesha. Mwenye miaka 2 au zaidi, nusu mpaka kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Chupa ya chuchu ya mpira iacheni kabisa, haioshiki vizuri kwa maji yetu haya ya kubahatisha. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Anyonyeshwe kama kawaida na hata zaidi. Aliyekwisha kuanza kula aendelee kula, uji, maziwa yaliyochemshwa, chochote anachokipenda kilicho safi, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku mpaka nguvu zirudi.

Pamoja na pakiti omba vidonge vya zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto apewe kimoja kwa siku (cha miligramu 20), na wa chini ya miezi 6 nusu, kwa siku 10 mpaka 14. Wengi wetu twaviacha siku ya tatu mtoto akiisha kuchangamka, na hiyo ni hasara, maana zile siku zilizobaki zinamkinga asishikwe tena upesi. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto. Na vile vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu, vinavyouzwa kimoja kimoja kaunta, havina kazi katika kuhara kwa kawaida. Daktari atavitoa mwenyewe akiona damu kwenye choo au akishuku kipindupindu.

Usikae nyumbani ukiona damu, au mtoto hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki vizuri, au macho yameingia ndani, au ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, au ana homa kali. Mtoto wa chini ya miezi 2 apelekwe hata akionekana hajambo. Njiani endelea kumpa kinywaji. Watu wa Sericho wanajua urefu wa njia, na kutoka Garbatulla kwenda Isiolo mjini ni zaidi ya kilomita 100.

Iko pia chanjo ya rota, matone ya mdomoni, ambayo serikali ya Kenya inaitoa bure tangu Julai 2014, kuanzia mtoto akiwa na wiki 6. Akina baba, msiwaachie mama peke yao kukumbuka kitabu cha kliniki.

Sasa turudi kwa matajiri wa kazi. Mtoto hali uchafu kwa kupenda. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na watu wakahamia karibu na mji kutafuta kibarua na maji ya lori. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zikaja kwa ghadhabu, zikasomba samadi na vyoo mpaka kwenye visima na silanga. Nyumba yenye jerikani mbili za maji kwa siku yanawa mikono saa ngapi? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya maji safi ya kutosha. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba anazowapa. Wanachama wanaolala kambini waangalie tangi lao kisha watuandikie.

Daktari anasema mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, maana huo ndio ukuta wake wa kwanza dhidi ya kuhara. Sheria inampa mama likizo ya miezi 3. Ile mitatu iliyobaki ni ya nani? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha na ampe mama nafasi ya kwenda huko katikati ya kazi. Sisi hatujakiona chumba hicho katika kambi tulizozitembelea, na mama tuliowauliza hawakuwa wamesikia kwamba ni sheria.

Na hapa ndipo penye shimo kubwa. Ile Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa wake mwenyewe. Ya ugonjwa wa mtoto wake haiitaji. Kwa hiyo yule mnyapara angeweza kusimama mbele ya hakimu na kusema hakuvunja kitu. Shimo hili litazibwa na mkataba wetu wa pamoja, na wa kulidai ni sisi. Twataka mzazi, mama au baba, mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 aliye mgonjwa aruhusiwe kwenda mara moja, siku yake isikatwe na nafasi yake isipotee, na cheti cha dispensari aje nacho kesho yake. Vibarua wa siku wahesabiwe humo, maana ndio wenye hofu kubwa. Twataka pia sanduku la pakiti za ORS na zinki katika kila kambi, funguo zikae kwa mpishi, si kwa mnyapara.

Kuna watakaosema watu watatumia watoto kama kisingizio. Labda mmoja wawili. Kwani hakuna wanaosingizia kichwa kuuma, na likizo ya ugonjwa ipo?

Neno moja tena, kuhusu wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mikoba waliyopewa na serikali mwaka 2023. Hao wanapokea posho, hawaitwi waajiriwa, na ikichelewa hawana pa kulalamika. Kamati inawakaribisha mkutanoni. Tutawauliza mikoba ina pakiti ngapi.

Maneno haya yatawekwa mbele ya mkutano ujao wa tawi. Kila mjumbe aje na hesabu ya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 5 katika kambi yake, na mama mpishi amekubali kusimama kueleza mwenyewe. Vijana watatu wa bodaboda nao wameombwa kuja, ili warudishiwe pesa zao za petroli.